Kuandika Habari za Punda Unayemwacha kwa Mwenzio

Jioni hii nataka kusema nanyi juu ya kitu kidogo, nacho ni karatasi moja. Kwa kukosa karatasi hiyo mimi nilipoteza punda, na nusura nimpoteze na shemeji yangu.

Kwetu Kasansa, katika bonde la Rukwa, farasi hawaonekani. Mapori ya Katavi hayako mbali nasi, na porini mna mbung'o wachukuao vidudu vya ugonjwa wa nagana. Farasi akiupata ugonjwa huo asipotibiwa mara nyingi hufa. Kazi ambayo kwingine ingefanywa na farasi, kwetu hufanywa na punda. Ndiye achukuaye maji, ndiye apelekaye mpunga mashineni. Yeye naye huweza kuugua nagana, ila huistahimili zaidi. Basi mwenye punda akisafiri, humpeleka kwa ndugu au jirani amtunzie.

Mwaka mmoja ilinipasa kumpeleka mama yangu hospitali ya mbali. Nilikuwa na punda jike mwenye mimba. Alikuwa amekonda na manyoya yamesimama, na wiki moja kabla ya safari alichomwa sindano ya nagana. Asubuhi ya kuondoka nilimpeleka kwa shemeji yangu, nikamweleza mambo yote kwa mdomo, huku gari likipiga honi barabarani. Shemeji akaitikia, "Haya, haya, nendeni salama." Baada ya siku nne alimwona punda bado amekonda, akadhani hajatibiwa. Kwa wema wake akatoa fedha zake mwenyewe, akamwita mtu mwenye dawa ya ng'ombe, naye akamchoma sindano ya pili. Punda akatetemeka, akaanguka, na kabla ya mapambazuko akafa, pamoja na mtoto aliyekuwa tumboni.

Niliporudi nilimshitaki kwa wazee. Nikasema, "Nilimwambia habari ya sindano." Yeye akasema, "Hukuniambia." Mzee mmoja akatuuliza, "Shahidi ni nani?" Hapakuwa na shahidi. Na mimi, nilipotafakari usiku ule, sikuweza kuapa kama neno lile lilitoka kinywani mwangu, au lilibaki moyoni tu. Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Na hapa mwalimu, afundishaye wengine kuandika, ndiye aliyeiacha mali yake bila daftari.

Sasa sikilizeni habari ya punda mwingine. Mwezi wa Januari 1872 Bwana Livingstone na Bwana Stanley walikuwa wakitoka Ujiji kwenda Tabora, na Stanley alikuwa amemnunulia mwenzake punda. Njiani nyuki wakawavamia. Punda yule, badala ya kukimbia, alijigaragaza chini, akaumwa kichwani, usoni na midomoni, akafa baada ya siku mbili. Twajuaje hayo? Livingstone aliyaandika katika daftari lake la safari. Miaka zaidi ya 150 imepita, wenye punda wamekwisha kufa, lakini hakuna abishaye juu ya kifo chake. Na huko Uingereza siku hizi sheria yataka kila farasi, na kila punda pia, awe na pasi yake, nayo humfuata aendako.

Basi tuandike nini? Kwanza, alama za mnyama: jike au dume, umri, rangi, na kovu lolote alilo nalo siku ile, asije mtunzaji akashitakiwa kwa kidonda cha zamani.

Pili, chakula na maji: ala nini, kiasi gani, mara ngapi, na kitu gani asipewe. Pumba zenye ukungu zaweza kumletea msokoto wa tumbo wa kumwua. Mwandikieni mtunzaji maneno haya kwa herufi kubwa: punda huficha maumivu; akiacha kula, msingoje kesho.

Tatu, hali yake ya siku zote. Punda mzima aliyetulia moyo wake hupiga kama mara 36 hata 52 kwa dakika, na joto lake ni kama digrii 36.5 hata 37.8. Farasi mapigo yake huwa 28 hata 44, na joto 37.5 hata 38.5. Mpimeni mnyama wenu akiwa mzima, mkaandike hesabu yake mwenyewe. Mapigo huhesabiwa kwa vidole penye mshipa wa chini ya utaya.

Nne, dawa: jina lake, kiasi, tarehe, na aliyeitoa. Dawa iliyo salama kwa ng'ombe yaweza kumdhuru punda, na kipimo kikizidi dawa hugeuka sumu.

Tano, mimba. Punda huchukua mimba yapata mwaka mmoja, pengine zaidi. Andikeni siku aliyopandwa, na akizaa ugenini, mtoto ni wa nani. Tajeni pia rafiki yake, kwa maana punda aliyetengwa na mwenziwe aliyemzoea huhuzunika, hata huweza kuacha kula.

Sita, mapatano: namba ya simu ya mwenye mnyama na ya bwana mifugo, na kama mwenyewe hapatikani, mtunzaji ana ruhusa ya kutumia fedha kiasi gani kumtibu.

Andikeni nakala mbili. Someni kwa sauti mbele ya mtu wa tatu, kisha wote watie sahihi au dole gumba. Asiyejua kusoma asione haya. Hii ndiyo kazi yenu, ninyi wanafunzi, kuwasomea wazee wenu polepole na kuwaandikia wasemavyo, bila kuongeza neno.

Wengine watasema, "Kumwandikia ndugu ni kutomwamini." Mimi nasema sivyo. Shemeji yangu hakuwa mwongo wala mvivu. Alikuwa mtu mwema asiye na habari. Karatasi ingalimlinda yeye kuliko ilivyonilinda mimi.

Tulikaa karibu mwaka mzima bila kusalimiana vema. Kisha nikanunua punda mwingine, na safari ikanijia tena. Nilikwenda kwake kwa aibu. Akanipokea, akanipa kiti, akamtazama punda miguu hata masikio. Halafu akanyosha mkono, akasema, "Shemeji, iko wapi karatasi?" Nikaitoa mfukoni. Akamwita binti yake aisome, nasi tukakaa kimya tukisikiliza.