Mto Haungoji Kipenga cha Mwisho



Tarehe 13 Novemba 2025, mjini Rabat, Moroko, timu yetu ya taifa ya Kongo, Leopards, ilicheza na Kameruni chini ya mvua kubwa. Ilikuwa nusu fainali ya mchujo wa Afrika wa kuwania Kombe la Dunia. Dakika 90 zilikwisha bila goli. Dakika ya 91, nahodha Chancel Mbemba akafunga. Siku tatu baadaye tukaitoa Nigeria kwa penalti 4-3.

Goli lile liliwapa haki yao wote waliokubali kulowa hadi mwisho. Mtu aliyetoka dakika ya 88 kutafuta paa alilisikia tu kwa kelele za wenzake.

Sisi wa Uvira, mpakani mwa Kongo na Burundi, tunaijua subira hiyo. Ulipotaka kuona mechi ya kimataifa kwa macho yako, uwanja wa karibu ulikuwa Intwari, Bujumbura. Hapo ndipo Burundi ilipotoka sare ya 1-1 na Gabon, tarehe 23 Machi 2019, ikafuzu Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza. Ulivuka mpaka wa Kavimvira, ukapita Gatumba, na kama ni majira ya mvua, ulijua utarudi umelowa. Nimewahi kukaa huko kwenye jukwaa lisilo na paa. Maji yaliingia shingoni yakatokea viatuni. Mzee mmoja nisiyemjua akainua kipande chake cha plastiki, akaniambia, "Sogea, mwanangu." Tukaangalia kipindi cha pili tukiwa wawili chini ya plastiki moja. Sijasahau ukarimu ule.

Wengi wetu, lakini, huangalia mechi hapa hapa mjini, kwenye vibanda vya video. Mvua ikishika mabati, mtangazaji hasikiki tena, ni mdomo tu unaochezacheza. Picha inakatika vipande vipande. Mwenye kibanda anapanda juu ya kiti kushika waya, na vijana wanamwomba asiuachie hata kidogo. Hakuna anayetoka, maana kila mmoja anaingoja dakika yake ya 91.

Hapo ndipo ninapotaka tusemezane, ndugu zangu. Mvua ya Rabat inamlowesha mtu, kisha anakwenda kulala. Mvua ya Uvira inashuka kutoka milima ya Mitumba, na mto Mulongwe unapita katikati ya watu. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto huo ulifurika. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zikaharibika. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika nalo lilipanda hadi likaingia kwenye nyumba za Gatumba, katika njia ile ile tuliyokuwa tukipita kwenda uwanjani.

Kwa hiyo, wenye vibanda, nawaomba: mvua ikizidi, zimeni televisheni kwa dakika moja, msikilize nje. Mkisikia mawe yanagongana mtoni, waambieni watu waende upande wenye usalama, na watoto watangulie. Mliokata tiketi ya kwenda ng'ambo, ulizeni hali ya barabara kabla ya kuuliza kikosi. Na wakubwa mnaojenga viwanja, msiihesabu subira ya shabiki kuwa ni paa. Mjengeeni paa, mchimbieni mifereji, kwa sababu fedha yake mnaipokea kabla mpira haujaanza.

Kuipenda timu ni jambo jema, na kulowa kwa ajili yake si aibu. Lakini mto haungoji kipenga cha mwisho. Goli la Mbemba tunaliangalia hadi leo kwenye simu zetu, kila tunapotaka. Waliochukuliwa na Mulongwe mwaka 2020 hawajarudi.