Pindo Lisilopinda: Kukata Pembetatu za Blanketi la Vipande

Hotuba kwa vikundi vya ushonaji vya mitaa ya Eastlands, Nairobi



Kila jioni, Gikomba na Uhuru Market pale Jogoo Road, mafundi hufagia mabaki ya vitambaa. Mengi huishia kwenye mitaro, na mvua ikinyesha huziba njia ya maji. Vikundi vinavyoshona mabaki hayo kuwa blanketi za vipande vinasafisha mtaa na kupata riziki. Lakini blanketi lenye pindo la mawimbi mnunuzi hulirudisha. Leo tuzungumze kuhusu pindo hilo.

Miraba ikipangwa ikisimama kwa ncha, kama almasi, blanketi hupendeza. Shida ni kwamba kando hubaki mapengo ya pembetatu: makubwa pande zote nne, na madogo kwenye kona nne. Wengi huyaziba kwa kipande chochote kilicho karibu. Hapo ndipo kazi ya wiki nzima huharibika.

Chukua kitambaa, ukivute kufuata nyuzi zake. Hakivutiki sana. Sasa kivute mshazari, kona hadi kona. Kinarefuka. Kwa hiyo ukingo wa nje wa blanketi lazima ufuate nyuzi, usiwe mshazari.

Pembetatu ya kando hutazama nje kwa upande wake mrefu. Basi kata mraba mkubwa kona hadi kona mara mbili, upate pembetatu 4. Pembetatu ya kona hutazama nje kwa pande zake mbili fupi. Basi kata mraba mdogo kona hadi kona mara moja tu, upate 2. Ukizibadilisha, mshazari unakuja nje na pindo linalegea.

Vipimo vinatoka kwa kanuni ya Pythagoras tuliyosoma shuleni. Tuseme mraba wako ukishashonwa una inchi 12, na mshono ni robo inchi. Kwa kando, zidisha 12 kwa 1.414, uongeze inchi 1¼: unapata 18.22. Kwa kona, gawanya 12 kwa 1.414, uongeze inchi ⅞: unapata 9.36. Kata 18½ na 9½, kisha punguza ziada ukishamaliza kuunganisha. Unapopunguza, acha robo inchi nje ya ncha za miraba, la sivyo mshono wa pindo utazimeza.

Mfano: blanketi lenye miraba 3 kwa upana na 4 kwa urefu, pamoja na miraba 6 inayoingia katikati yake, lina miraba 18. Linahitaji pembetatu 10 za kando, yaani miraba mikubwa 3, na mbili zitabaki. Kona zinahitaji miraba midogo 2. Blanketi litakuwa takriban inchi 51 kwa 68, linalotosha kumfunika mtoto kitandani.

Mabaki ya sokoni ni madogo, hayatoi mraba wa inchi 18½. Hapa kikundi kinunue kitambaa kipya cha rangi moja. Kikiwa na upana wa inchi 44, mita 1 inatosha pembetatu zote: miraba mikubwa miwili safu ya kwanza, wa tatu na midogo miwili safu ya pili. Kifue na ukipige pasi kwanza ili kisirudi baadaye. Ukijua hesabu hii kabla ya kwenda dukani, hununui mita tatu kwa kuhofia.

Mwisho, msivute kitambaa mnaposhona kingo za mshazari zinazokutana na miraba. Bana kwa pini, kisha iache cherehani ipeleke kitambaa yenyewe.

Pimeni, vuteni mjue nyuzi zinaelekea wapi, ndipo mshike makasi. Mabaki yatakayobaki, yawekeni kwenye gunia kwa blanketi lijalo, si kwenye mtaro.