Unyevu na Masizi kwenye Ekzosi ya Gari la Petroli: Namna ya Kutambua Chanzo

Petroli ikiungua ndani ya silinda hutoa maji. Haidrojeni iliyomo katika mafuta huungana na oksijeni ya hewa, na kila lita ya petroli iliyoungua sawasawa huacha maji yanayokaribia lita moja, yakitoka kwa umbo la mvuke. Injini inapowashwa bomba bado ni la baridi, hivyo mvuke hupoa njiani na kuwa matone. Asubuhi ya mwezi Juni mjini Njombe, hata gari lisilo na ubovu wowote hudondosha maji na kufuka moshi mweupe, ambao hutoweka bomba likishapata moto.

Masizi ni kaboni iliyokosa hewa ya kuunguzia. Injini baridi huongezewa mafuta makusudi, kwa hiyo masizi kidogo hayakosekani. Maji yakiyasomba, hurusha madoa meusi sakafuni nyuma ya gari, na madoa hayo huwatisha wenye magari kuliko yanavyostahili. Uchunguzi wa maana huanza gari likishatembea dakika 20 hivi.

Mdomo wa ekzosi ukishapoa, hupanguswa kwa kitambaa cheupe. Masizi yenye utelezi, yasiyotoka bila sabuni, ni ya oili: ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka, na moshi huelekea ubuluu. Masizi makavu yanayopukutika ni ya mafuta yaliyozidi kipimo cha kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli, ingawa injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda huwa nayo kiasi hata zikiwa nzima.

Hapo mafundi wengi hukimbilia kubadilisha sensa ya oksijeni au nozeli. Kabla ya gharama hiyo, inafaa kuulizwa kama themostati ipo. Kuing'oa ili gari lisichemshe ni desturi mbaya iliyozoeleka. Bila themostati injini huchelewa kufikia joto lake la kawaida, karibu nyuzi 90, au haifiki kabisa. Kompyuta huiona bado baridi na kuendelea kuiongezea mafuta, na ekzosi hubaki na maji na masizi kwa pamoja. Mashine ya kupimia ikionyesha nyuzi 65 baada ya mwendo wa kutosha, jibu limeshapatikana. Joto likiwa sawa, huangaliwa masahihisho ya mafuta: kompyuta ikipunguza kwa zaidi ya asilimia 10, kuna mafuta ya ziada yanayoingia, mara nyingi kupitia nozeli inayovuja.

Moshi mweupe mzito usiokoma injini ikiwa ya moto, wenye harufu ya utamutamu, ni wa kulanti inayopenya kwenye silinda, aghalabu kupitia gasketi ya hedi. Maji ya rejeta hupungua bila kuonekana yanapovujia. Plagi zikifunguliwa, ya silinda yenye tatizo huwa safi kuliko nyingine, kwa kuwa mvuke umeiosha. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa huthibitisha zaidi, lakini utando wa rangi hiyo chini ya kifuniko cha oili pekee hautoshi: magari ya safari fupi huwa nao pia.

Maji yanayobaki ndani ya sailensa huiozesha. Baadhi ya sailensa hutobolewa tundu dogo chini, tangu kiwandani, ili yatoke. Tundu hilo likizibwa kwa kuchomelewa, bati huoza mapema.