Vifaa vya Kusafishia Mtutu wa Bunduki: Mazungumzo na Walinzi na Wenye Leseni za Silaha



Kuhusu silaha haramu tumekwisha kuzungumza mara nyingi uwanjani hapa, na tutazungumza tena. Leo nimekuja kwa ajili ya zile zilizo halali. Msimu wa mvua uliopita, mlinzi mmoja aliletwa kituoni mkono wake wa kushoto ukivuja damu, na bunduki yake mdomo umepasuka kama ganda la ndizi. Alikuwa ameuziba mtutu kwa kitambaa ili mvua isiingie. Alipotaka kukitoa, akakisukuma kwa spoki ya baiskeli, kitambaa kikazama zaidi na ncha ya spoki ikakatikia humo humo. Akanyamaza. Usiku wezi walipokuja akapiga risasi hewani, na risasi ikakuta njia imezibwa. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyekufa.

Kabla ya kugusa kifaa chochote, iondoe risasi. Utaratibu wake una mpangilio: kwanza toa magazini, ndipo uvute komeo, utazame chemba kwa macho na kuipapasa kwa kidole. Anayevuta komeo kabla ya kutoa magazini huitoa risasi iliyokuwa chemba, kisha komeo linaporudi huingiza nyingine, naye anaamini bunduki ni tupu. Ajali nyingi za nyumbani huanzia hapo. Risasi zote ziwekwe chumba kingine, na watoto wasikaribie.

Sasa vifaa. Ndani ya mtutu wa bunduki mna mifuo iliyochongwa kwa msokoto, nayo ndiyo huizungusha risasi iende moja kwa moja. Mahali pa mwisho risasi inapogusa ni ukingo wa mdomo wa mtutu. Ukingo huo ukilika upande mmoja, risasi hupinda njia hata kama mpigaji ana jicho la tai, na katika masoko yetu yaliyosongamana ninyi mnajua risasi iliyopinda huishia wapi. Kwa hiyo ninapochagua kifaa hujiuliza kwanza kitaufanyia nini ukingo ule.

Ufito ulio bora ni wa kipande kimoja cha chuma kilicholainishwa, au uliovikwa plastiki. Ufito wa vipande vinavyoungwa kwa skrubu ni rahisi kubeba, lakini maungio yake yasipokaa sawa hukwaruza, na ukipinda kidogo husugua mfululizo. Ufito wa alumini wengi huupenda kwa wepesi wake. Mimi siupendi: ni laini, mchanga hujikita ndani yake, ukageuka kuwa msasa. Wenye bunduki za kuwindia ambazo komeo lake hutoka lote, ingizeni ufito kwa nyuma, upande wa chemba. Bunduki za jamii ya AK haziruhusu hivyo, hivyo husafishwa kupitia mdomoni. Walioziunda walilijua jambo hilo: ufito umewekwa chini ya mtutu, na katika zile zenye kitako cha mbao kuna kikopo ndani ya kitako, ambacho kifuniko chake huvikwa mdomoni kuuongoza ufito upite katikati. Nimekagua vikopo vingi. Kifuniko ndicho hupotea kwanza, na mwenyewe hajui hata kilikuwa cha nini.

Askari wa King's African Rifles, waliobeba Lee-Enfield, walikuwa na kamba yenye kizito cha shaba upande mmoja na kitanzi cha kitambaa upande wa pili. Kamba kama hiyo bado inafaa sana kwa mlinzi wa zamu. Ila ivutwe ikiwa imenyooka sawa na mtutu, maana ikivutwa kwa pembe, kamba yenye vumbi hukata chuma kama msumeno. Iliyoanza kufumuka itupeni, maana ikikatikia ndani mmerudi kwenye kisa cha mlinzi wetu.

Brashi iwe ya shaba au nailoni, ya ukubwa wa mtutu wenyewe: ya milimita 7.62 haiingii kwenye 5.56, na ya 5.56 ndani ya 7.62 haigusi kitu. Isukumeni hadi itokeze upande wa pili ndipo muirudishe, msiigeuze katikati. Hata hivyo, mlinzi ambaye hajapiga risasi mwaka mzima hahitaji kusugua kwa brashi kila asubuhi. Adui zake ni vumbi na unyevunyevu, na kitambaa safi cha pamba chenye mafuta ya bunduki kidogo kinamtosha. Oili chafu ya gari imejaa chembe za chuma, iacheni gereji. Kabla ya kwenda zamu, piteni tena na kitambaa kikavu, kwa kuwa mafuta yaliyotuama mtutuni nayo ni kizuizi.

Jambo moja hushangaza watu. Baadhi ya risasi za zamani huacha chumvi mtutuni baada ya kupigwa. Chumvi hiyo huvuta unyevu, na kutu huanza mapema. Mafuta hayaiyeyushi, maji ndiyo huiyeyusha. Aliyepiga risasi za namna hiyo apitishe maji ya moto mtutuni siku hiyo hiyo, akaushe kabisa, ndipo apake mafuta.

Mvua zinakaribia. Atakayetaka kuukinga mdomo wa mtutu, aelekeze bunduki chini au aifunike kwa nje, wala asichomeke kitu ndani. Na ikiwa kuna mwenye kitambaa, spoki au kamba iliyokwama ndani, asijaribu kuitoa kwa kupiga risasi wala asione haya. Aondoe risasi zote, bunduki na magazini avibebe mbalimbali pamoja na leseni yake, na amwone fundi wa silaha wa polisi kabla ya zamu ya usiku.