Vikundi vya Wafanyakazi Vishikane, Ubaguzi Ukose Pa Kusimama

Uamuzi wa kuhamishia Makao Makuu ya nchi Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, lakini kasi yake kubwa ilionekana kuanzia mwaka 2016. Kata ya Ipagala ni mojawapo ya mahali panapodhihirisha matokeo hayo. Mtumishi aliyezaliwa Mtwara hupakana na mwalimu aliyetoka Kagera, na wote wawili wamewakuta wenyeji Wagogo, ambao nao ni wakulima, wafugaji, mafundi na watumishi. Asubuhi watu hao huondoka pamoja kwenda kazini. Swali ni hili: wakishaingia kazini, je, wanabaki kuwa sawa?

Sheria inasema ni sawa. Katiba ya mwaka 1977 inampa kila raia fursa na haki sawa ya kushika kazi iliyo chini ya Mamlaka ya Nchi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa kabila, mahali alikotoka, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu au kwa kuwa anaishi na virusi vya UKIMWI. Sheria hiyo inamtaka mwajiri awe na mpango wa kukuza fursa sawa, na ausajili kwa Kamishna wa Kazi. Nayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Basi penye wafanyakazi 100, watatu hawana budi kuwa wa kundi hilo.

Lakini sheria iliyofungiwa kabatini haimfungulii mtu mlango. Inahitaji wafanyakazi wa kuisimamia, na hapo ndipo penye kasoro. Katika sehemu nyingi za kazi vikundi vipo. Ipo kamati ya wanawake ya chama cha wafanyakazi, wapo vijana, wapo watumishi wenye ulemavu, vipo vyama vya kuweka na kukopa na vya kufa na kuzikana. Kila kikundi hukaa peke yake, huandika barua yake, na hujibiwa peke yake kwamba fedha hazitoshi. Baya zaidi, kimoja huanza kukiona kingine kuwa mshindani.

Tuseme jengo la ofisi lina ngazi tu. Anayetumia kiti cha magurudumu huomba njia ya mteremko, akaambiwa ni mtu mmoja, asubiri. Mama aliyerudi kutoka likizo ya uzazi, ambaye sheria inampa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mwanawe, huomba chumba, naye akaambiwa asubiri. Mtumishi asiyesikia huketi mkutanoni bila mkalimani wa lugha ya alama, akaondoka bila kujua kilichoamuliwa. Watu watatu wamesubiri, na kila mmoja amedhani tatizo ni lake binafsi. Kumbe mteremko ule ungemfaa pia mjamzito, mzee anayekaribia kustaafu na aliyevunjika mguu jana. Madai yanayoonekana ya wachache, yakiwekwa pamoja, huwa madai ya wengi.

Wenyeji wa nyanda hizi kavu wanalifahamu jambo hilo. Wakati wa kiangazi maji hutafutwa kwa kuchimba mchanga wa mito iliyokauka. Kila mtu akichimba kishimo chake kifupi, wote hurudi na vibuyu vitupu. Wakishirikiana kuchimba kisima kimoja kirefu, watu hunywa na ng'ombe hunywa.

Mahali pa kuchimbia kisima hicho kazini ni baraza la wafanyakazi. Mabaraza hayo si jambo geni: yalianzishwa kwa waraka wa Rais wa mwaka 1970, na mwaka uliofuata Mwongozo wa TANU ukawakemea viongozi wenye majivuno na dharau. Katika utumishi wa umma, sheria ya mwaka 2003 imeyapa mabaraza nafasi yake. Basi kabla ya kikao, wajumbe wa vikundi vyote wakutane, wapatane juu ya madai machache, na wayapeleke kama madai ya pamoja. Waulize: mpango wa fursa sawa umesajiliwa? Ile asilimia 3 imefikiwa? Nani amepandishwa cheo, na kwa kipimo gani? Aliye mwanamume aulize juu ya chumba cha kunyonyeshea. Asiye na ulemavu aulize juu ya mteremko. Swali likiulizwa na asiyefaidika nalo, ni vigumu kulipuuza.

Hata hivyo, tahadhari inatakiwa. Kikundi cha wafanyakazi kisigeuzwe kichaka cha kuficha ukabila, wala ngazi ya kumpandisha kiongozi wake huku wanachama wakibaki chini. Kikundi kinachodai haki ya watu wake huku kikimfungia mlango mwingine kimekuwa sehemu ya ubaguzi kinaoupiga vita.

Ndugu wafanyakazi, mkono mmoja haulei mwana. Usawa hauletwi na hotuba za Mei Mosi, bali na wafanyakazi wanaokubali kuwa unyonge wa mmoja wao ni unyonge wa wote.