Kuiga si Aibu, Aibu ni Kuiga Bila ya Kufikiri

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Mkokotoni)



Leo tunataka tuzungumze juu ya vile vipicha vilivyomo ndani ya simu na kompyuta. Unabonyeza picha ya bahasha, ujumbe unafunguka. Unabonyeza picha ya kopo la taka, kitu kinafutika. Haya, nani aliyeyazua mambo haya? Na nani aliyeiga?

Zamani kompyuta haikuwa na vipicha. Mtu alilazimika kuandika amri kwa maneno, na akikosea herufi moja, kazi haiendi. Mwaka 1968, huko Marekani, Bwana Douglas Engelbart aliwaonyesha watu kifaa kidogo cha kusukuma kwa mkono juu ya meza. Kikaitwa panya. Mwaka 1973 wataalamu wa kampuni ya Xerox walitengeneza kompyuta iitwayo Alto, yenye panya, na madirisha katika kioo chake. Lakini haikuuzwa madukani.

Mwaka 1979 Bwana Steve Jobs wa kampuni ya Apple alikwenda kuitazama kazi hiyo. Hakuingia kwa kunyemelea. Xerox waliruhusiwa kununua hisa za Apple, nao wakamfungulia mlango. Mwaka 1984 Apple wakauza Macintosh. Je, waliiga? Ndiyo. Lakini waliongeza ya kwao. Panya wa Alto alikuwa na vitufe vitatu. Wao walimwekea kimoja tu, ili mgeni asibabaike.

Mwaka 1985 kampuni ya Microsoft ikatoa Windows. Mwaka 1988 Apple wakaishitaki kwa kuwaiga. Kumbe mwaka 1989 Xerox nao wakawashitaki Apple! Wote wawili hawakupata walichokitaka. Katika kesi ya Apple, mahakama iliona kwamba mambo mengi Apple wenyewe walikwisha kuyatolea ruhusa, na kwamba wazo tupu halina mwenyewe.

Sasa turudi kwetu. Itazameni ngalawa pale pwani. Wataalamu wengi wanasema vile vibao vya pembeni, vinavyoizuia isipinduke, asili yake ni visiwa vya Indonesia. Wazee wetu waliiga, wakachonga kwa mwembe wa hapa, kwa bahari ya hapa. Nani leo atasema ngalawa si yetu?

Lakini vipicha vya kompyuta vilichorwa kwa kutazama ofisi ya Mmarekani: meza, majalada, kopo la taka. Mvuvi wa Tumbatu hana meza hiyo. Ndiyo maana tunaisifu kazi ya mwaka 2004 ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walichukua programu iliyo huru kwa kila mtu kuibadilisha, wakaitia maneno ya Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Huko ndiko kuiga kwenye akili.

Wazee walisema, mwiga ndovu hupasuka msamba. Basi tukipenda kitu cha mwenzetu, tujiulize mambo matatu. Ruhusa ipo? Kinatufaa sisi? Tumeongeza nini? Na vijana wetu wanaojifunza kompyuta wasiishie kubonyeza tu vipicha vya wenzao.

Jadilini katika vikundi vyenu: Kijana wa Mkokotoni akitaka kuchora vipicha vya simu ya mvuvi au ya mkulima wa mwani, achore nini?