Redio Kuukuu Bado Ina Kazi

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wanafunzi wa chuo cha ufundi, wazazi wao na wakazi wa jirani



Kazi yangu ni kuwafikishia matangazo ya kaunti: siku ya chanjo, tahadhari ya mafuriko, tarehe ya wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inatutaka tutumie njia zinazowafikia watu wengi zaidi, na redio za jamii zimetajwa humo. Lakini tangazo lisilosikika ni sawa na tangazo ambalo halikutolewa. Mzee asiye na bando, ambaye redio yake imenyamaza, hupata habari za mkutano baada ya mkutano kwisha. Ndiyo maana leo nazungumzia jinsi ya kufufua redio za zamani za transista.

Transista ilivumbuliwa Marekani mwaka 1947. Mwaka 1954 redio ya transista iitwayo Regency TR-1 ikaanza kuuzwa huko. Awali redio zilitumia valvu za kioo zilizokula umeme mwingi. Transista ilipunguza matumizi hayo hata betri chache zikatosha, na redio ikaingia katika nyumba zisizo na stima. Faida hiyo ingalipo hadi leo.

Sasa tuje kwenye meza ya fundi. Kwanza, tazama namba za kutafutia stesheni. Ikiwa redio ina MW na SW pekee, haitashika FM hata ikirudi kuwa kama mpya, na redio za jamii hapa nchini hutangaza kwa FM. Ikiwa FM yake inaishia 90, hali ni ile ile ya redio za magari yanayotoka Japani: stesheni za juu ya hapo hazipatikani. Mwambie mwenye redio ukweli huo kabla ya kupokea pesa zake.

Pili, chomoa waya wa stima kama upo, kisha fungua sehemu ya betri. Redio nyingi huharibiwa na betri zilizosahauliwa ndani. Unga mweupe au wa kijani kwenye springi ni kemikali iliyovuja. Vaa glavu. Kama betri zilikuwa za alkali, pamba yenye siki kidogo itaulainisha unga huo. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu, kausha kabisa, halafu sugua kwa msasa laini hadi chuma king'ae. Weka betri mpya na upime kwa mita: betri nne za volti 1.5 zinapaswa kufikisha takribani volti 6 kwenye bodi. Zisipofika, tafuta waya uliokatika.

Tatu, ikiwa redio inawaka lakini inakwaruza unapoongeza sauti, kuna vumbi ndani ya swichi ya sauti. Zima redio, pulizia dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, kisha zungusha swichi hiyo mara ishirini hivi. Usitumie petroli wala mafuta ya kupikia.

Nne, sauti ikiwa hafifu au inavuma, shuku kapasita zile zinazofanana na vipipa vidogo. Majimaji yaliyomo hukauka kadiri miaka inavyopita. Badilisha moja moja. Mpya iwe na maikrofaradi zile zile na volti zisizopungua za ile ya kwanza, na upande wa hasi uwe pale pale ulipokuwa.

Kuna mambo mawili ya kuchunga. Skrubu ndogo zenye rangi juu ya visanduku vya chuma zilipangwa kiwandani kwa vipimo. Ukizizungusha kwa kubahatisha, redio itashindwa kushika stesheni vizuri. Pia transista za zamani haziwezi joto. Unapochomelea kwa risasi, shika mguu wa transista kwa koleo ili joto liishie hapo.

Wanafunzi, Katiba iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa kaunti ili ujuzi uwe karibu na wananchi. Hii ni kazi ya kuanzia: vifaa vyake ni vichache, na wateja mnaishi nao.

Wazazi, redio iliyo darini msiiuze kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma kabla fundi hajaitazama. Msiitupe shambani pia, kwa sababu viungo vyake vina risasi, na risasi ni sumu ardhini. Na redio ikipona, toeni betri kila mnapoiweka bila kuitumia kwa muda mrefu.

Sisi tutaendelea kutangaza. Nyinyi tusaidieni ili kila boma liwe na redio ya kusikilizia.